Majina ya Maradhi ya Akili na Utambuzi Wake katika Mbulu na Hanang

Katika wilaya za Mbulu na Hanang hukutana lugha za nasaba mbalimbali: Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatoga ni cha Kiniloti, Kinyiramba ni cha Kibantu, na Kihadza, chenye sauti za vidoko, husimama peke yake. Mgonjwa afikapo katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, huenda maneno yake yakavuka kwanza katika Kiswahili kabla ya kumfikia tabibu. Tumbo hupapaswa na damu hupimwa, lakini maradhi ya akili hutambuliwa hasa kwa maelezo. Neno likipotoka, utambuzi nao hupotoka.

Mpango wa Shirika la Afya Duniani, uliopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika mwaka 2022, huyagawa maradhi hayo kwa dalili na muda wake. Ili mtu ahesabiwe kuwa na sonona, sharti awe na dalili 5 au zaidi katika 10, karibu kila siku kwa majuma mawili. Na mojawapo iwe huzuni au kukosa hamu ya mambo.

Majina ya Kiswahili yalizaliwa kwa njia nyingine. Neno wazimu lina ukoo na mzimu. Basi hutaja asili inayodhaniwa, wala si dalili. Sonona kwanza ni kitenzi cha maumivu, nacho ndicho kilichozaa kusononeka. Kulifanya jina la ugonjwa ni kazi ya wataalamu. Mwenye ugonjwa huo aghalabu hulalamika kwamba anawaza sana, au kwamba moyo unamwuma. Mkalimani akiyageuza maneno hayo kuwa ugonjwa wa moyo, mgonjwa atapimwa mapigo na kurudishwa nyumbani na ugonjwa wake.

Kifafa chaonyesha hatari hiyo wazi zaidi. Mpango uliotajwa hukiweka katika maradhi ya mishipa ya fahamu, si ya akili; lakini wengi hukihesabu kuwa pepo au kichaa, na mwenye nacho hutengwa. Katika Mbulu, ambako nguruwe hufugwa na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 uliwakuta na viluwiluwi vya tegu, sababu mojawapo yaweza kuwa mayai ya tegu, yatokayo katika kinyesi cha binadamu, yaliyomezwa na kuzaa malengelenge katika ubongo. Sababu hiyo ina dawa, na huzuiwa kwa choo na mikono safi. Jina la pepo huificha.

Kwa hiyo kamusi ya majina peke yake haimtoshi tabibu. Yafaa aulize mambo yenyewe: mgonjwa analalaje, anakulaje, anasikia nini wasichosikia wengine, na tangu lini. Na mfasiri wa maswali hayo hana budi kuyarudisha katika lugha ya kwanza, ili ionekane kama maana imefika salama.