Uhandisi mitambo: gharama na tija yake kwa familia ya Mingoyo

Shahada ya uhandisi mitambo nchini Tanzania husomwa miaka 4. Kwa familia ya Mingoyo, penye njia panda ya Lindi, Mtwara na Masasi, ada ni sehemu tu ya hesabu. Vyuo vinavyojulikana zaidi kwa fani hii viko mbali: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho kitivo chake cha uhandisi kilianza mwaka 1973, Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam (DIT), iliyokua kutoka chuo cha ufundi cha mwaka 1957, na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya. Chumba, chakula na nauli huanza kudai siku ya kwanza.

Sehemu kubwa ya mzigo huo hubebwa na Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita boom, zimepanda kutoka Sh 8,500 hadi 10,000 kwa siku. Marejesho ni asilimia 15 ya mshahara, hivyo mwenye mshahara wa Sh milioni 1 hukatwa 150,000 kila mwezi. Mwaka 2021 serikali ilifuta tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo. Ilistahili kufutwa mapema zaidi, maana deni lilikuwa likivimba hata kwa mhitimu asiye na kazi.

Gharama kubwa kuliko zote ni muda. Baada ya kidato cha nne kuna miaka 2 ya kidato cha tano na sita, 4 ya chuo, kisha 3 ya kazi chini ya usimamizi kabla ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi kumtambua mhitimu kuwa mhandisi mtaalamu. Jumla ni miaka 9. Mwenye stashahada huwa fundi sanifu baada ya miaka 3 tu. Fundi mchundo wa chuo cha ufundi stadi cha VETA humaliza mapema zaidi, na kwa muda mrefu ada yake imekuwa Sh 60,000 kwa mwaka kwa kutwa na 120,000 kwa bweni.

Tofauti ya elimu hizo huonekana shafti ya mashine ya kusaga inapokatika. Fundi mchundo huchonga nyingine kwenye lezi, na mashine ikarudi kazini siku hiyohiyo. Ikikatika tena mahali palepale, anahitajika mtu wa kukokotoa mzigo inaoubeba, kupima kama beringi zimekaa sawa na kuchagua chuma kinachofaa. Hapo ndipo shahada inapojilipa, lakini karakana ndogo haziwezi kumwajiri mtu huyo kwa mwezi mzima.

Waajiri wanaoweza wapo ukanda huu, lakini ni wachache: gesi ya Songo Songo, Kilwa, inayozalishwa tangu mwaka 2004, mitambo ya gesi ya Madimba na kiwanda cha saruji cha Dangote, Mtwara. Tumaini kubwa ni kiwanda cha kusindika gesi asilia kinachokusudiwa kujengwa Likong'o, Lindi, ambacho makubaliano yake ya awali na Equinor na Shell yalisainiwa Juni 2022. Miradi ya aina hiyo huhitaji wachomeleaji na mafundi bomba wengi wakati wa ujenzi, kisha hubaki na wahandisi na mafundi sanifu wachache kwa miongo kadhaa. Kwa kijana wa Mingoyo, njia yenye hatari ndogo ni stashahada kwanza, kazi, halafu shahada: ujenzi ukianza ana ujuzi wa kuuza, ukichelewa hana deni la miaka 4.