Soko Lilipofungwa: Mbuzi, Tende na Simu ya Mkononi



Hapana mkaazi wa Nizwa asiyeijua Ijumaa asubuhi chini ya ngome. Wenye mbuzi huwazungusha wanyama wao kwa kamba, duara baada ya duara. Mnunuzi mmoja humpapasa mbuzi mgongo, mwingine humfunua kinywa ahesabu meno, na bei hutajwa kwa sauti mbele ya watu wote. Sinaw wana Alkhamisi yao. Ibra wana Jumatano yao, na humo mna soko la wanawake ambalo sisi wanaume tunalijua kwa kusimuliwa tu. Tena, siku chache kabla ya Idi, huja habta, soko linaloyapita yote, ambapo mfugaji aliyelisha wanyama mwaka mzima huuza kwa siku mbili tatu, akalipa deni la majani na deni la duka.

Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya maradhi ya korona, masoko haya ya jadi yalifungwa. Tuliona ni jambo la wiki chache. Lakini kuanzia 25 Julai hadi 8 Agosti mikoa ilifungwa, ikawa hapana kutoka mkoa mmoja kwenda mwingine, na usiku hapana kutoka nyumbani. Idi ya kuchinja mwaka ule ilikuwa 31 Julai, katikati kabisa ya marufuku hayo. Wanyama wako zizini wanakula, mnunuzi yuko Maskat hawezi kuja, na habta hakuna. Huo pia ndio msimu wa tende. Falaji ya Daris haikuambiwa kwamba kuna marufuku. Maji yalipita kama kawaida, mitende ikazaa, na rutabu, kama mjuavyo, haimsubiri mtu.

Tuna jirani yetu mmoja hapa Ibra, mzee mfugaji, ambaye simu kwake ilikuwa chombo cha kuulizia hali ya wagonjwa. Mjukuu wake alimpiga picha kila mbuzi, akampa kila mmoja namba, akazipeleka picha hizo kwa WhatsApp kwa jamaa, na jamaa wakazipeleka kwa jamaa zao. Mzee haandiki, basi bei akaitaja kwa ujumbe wa sauti, na kwa sauti ile ile akawakatalia waliotaka kupunguziwa. Fedha zikaingia benki kwa simu. Waliokuwa Maskat walinunua, wakaomba wachinjiwe huku huku, nyama igaiwe kwa jamaa na masikini wa kijijini.

Tusidanganyane, mwanzo ulikuwa mbaya. Mbuzi akipigwa picha kwa karibu huonekana kama ng'ombe, na mnunuzi wa kwanza alipoletewa wake akamrudisha. Wanavyuoni wameizungumza kwa urefu mas'ala ya kununua kitu usichokiona, wala hawakukubaliana wote. Mzee hakungojea fatwa. Aliazima mizani, akamwomba mtu anayeaminika kijijini asimamie upimaji, meno yakaonyeshwa kwenye video, na ikawekwa sharti kwamba anayepokea mnyama asiporidhika atamrudisha papo hapo. Baada ya hapo biashara ikaenda. Sisi tuliokuwa tukitazama tulitambua kwamba wanunuzi hawakuiamini picha. Walimwamini yule aliyesimama penye mizani, kwa kuwa wanamjua baba yake na babu yake.

Kwa tende ilikuwa nyepesi zaidi. Familia za mjini zililipa mapema kwa kilo kadhaa za khalasi au khasabu, aina ikatajwa na siku ikatajwa. Hilo si geni katika dini yetu. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa kabla kwa matunda ya miaka ijayo, akawaamrisha wafanye hivyo kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Simu iliongeza upesi tu.

Wengi wetu tuna babu waliovuka kutoka Sur. Tende za Sharqiyah zilishuka bandarini kwa ngamia, zikapakiwa majahazini, na kaskazi ikazichukua hadi Unguja, Mombasa na Lamu. Jahazi zilirudi na kusi zikiwa na boriti za mikoko. Mkulima aliyebaki nyumbani alijua tende zake ziliuzwa kwa bei gani baada ya miezi, tena kwa kinywa cha nahodha au cha tajiri aliyemkopesha. Sasa mkulima huyo huyo anaijua bei ya Sinaw kabla jua halijapanda. Hapo ndipo tunapoona mabadiliko makubwa.

Lakini kuijua bei si kuwa na mnunuzi. Tende za mabsali, ambazo huchemshwa na kuanikwa, sehemu kubwa huenda India, na wanunuzi wake ni wachache. Simu haiwezi kuwazidisha. Mlango ukifungwa ng'ambo, umefungwa. Tuliona upande wa pili wake Disemba 2023, India ilipozuia vitunguu vyake kutoka, nasi tuliozoea kuvitegemea tukabaki tunatazamana sokoni.

Jamaa zetu wa Mombasa waliyapata yao mwaka ule ule wa 2020. Mnada wa chai, ambao wakulima wadogo wengi sana wa Kenya hutegemea kuuzia majani yao, ulikuwa wa kuketi ukumbini na kuitana bei. Ulihamishiwa kwenye kompyuta, na chai ikaendelea kuuzwa. Huko malipo ya simu wameyazoea tangu M-Pesa ilipoanza 2007, wakati sisi huku bado tulikuwa tukihesabu noti.

Linalotusumbua ni wale wasio na mjukuu. Yuko bibi mmoja aliyekuwa akiuza udi na vitambaa Jumatano. Watoto wake wako mbali, na hataki sauti yake izunguke kwenye simu za watu asiowajua. Haki yake. Soko lilipofunguliwa alirudi mahali pake, akakuta wateja wake wasichana wamekwisha kuzoea kununua wakiwa wamekaa nyumbani. Siku hizi huja baadhi ya Jumatano tu.

Jirani yetu naye amerudi Nizwa. Mbuzi wake bora hakubali kuwauza kwa picha, anasema mnyama mzuri ana haki ya kutazamwa. Ila Alkhamisi jioni humwita mjukuu, akamsikiliza akisoma bei za Sinaw. Na Ijumaa, simu imo mfukoni mwa kanzu, dalali akitaja bei ya kwanza, mzee huvuta kamba na kuendelea kuzunguka.