Ugonjwa Hauponi, Tathmini Haziishi

Ugonjwa wa Parkinson hauna tiba. Dawa hutuliza mtetemeko na ukakamavu kwa saa kadhaa, kisha mwili hugoma tena, na miaka inavyokwenda ndivyo hali inavyozidi kudidimia. Hata hivyo, nchini Uingereza mgonjwa wa namna hii anaweza kupokea barua ya serikali inayomtaka athibitishe upya ulemavu wake.

Mambo yalibadilika Aprili 2013. Posho ya zamani ya ulemavu, DLA, ambayo wengi waliipata bila ukomo, ilianza kuondolewa kwa watu wenye umri wa kufanya kazi, ikaja posho mpya, PIP. Sasa shughuli 12 hupimwa kwa alama: kupika, kula, kuoga, kuvaa na nyinginezo. Kipimo cha kutembea ndicho kilichoumiza zaidi. Zamani kigezo kilichozoeleka kilikuwa mita 50. PIP ikakishusha hadi 20. Mwenye ugonjwa wa multiple sclerosis anayejikongoja mita 30 kwa mkongojo hapati tena kiwango cha juu cha posho kwa kigezo hicho, na asipokuwa na kiwango hicho hana haki ya gari la Motability, mpango wa kukodisha magari kwa wenye ulemavu. Miguu yake haijapata nafuu yoyote. Kilichobadilika ni kanuni.

Kazi ya kutathmini walipewa Atos na Capita, kampuni binafsi. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 2010, takriban rufaa saba kati ya kumi zilizosikilizwa na baraza la rufaa ziliwapa waombaji ushindi. Kasoro ya kiwango hicho haiwezi kuitwa bahati mbaya, na walioibeba ni wagonjwa.

Oktoba 2016 waziri Damian Green alitangaza kwamba wenye maradhi mazito ya kudumu hawatapimwa tena. Ilikuwa nafuu ya kweli, ila ilihusu posho ya wasioweza kufanya kazi, si PIP. Zamu ya PIP ilifika 2018: wanaopokea kiwango cha juu kabisa, na ambao hali yao haitarajiwi kuimarika, hupitiwa kwa wepesi baada ya miaka 10.

Lakini ugonjwa unaodidimiza mtu humpeleka hatua kwa hatua, na walio njiani bado hawajafika kwenye kiwango hicho. Mmoja wao akiomba kuongezewa, posho yote hufunguliwa upya. Inaweza kupanda, kupungua au kufutwa. Kwa hiyo mtu ambaye vidole vimeanza kushindwa kufunga vifungo vya shati analazimika kuchagua: aeleze kwamba amezidiwa, au anyamaze asije akanyang'anywa hata kile kidogo alicho nacho.