Jina, Ukoo na Kiota: Ndege-Tanuri wa Amerika ya Kusini

Anayetaka kuieleza kwa Kiswahili familia ya ndege ambayo wanasayansi huiita Furnariidae hukwama kabla hajafika sentensi ya pili, kwani ndege hawa hawana jina katika lugha hii. Si ajabu. Makao yao ni kuanzia Meksiko hadi Tierra del Fuego, ncha ya kusini kabisa ya Amerika, na hawapatikani popote barani Afrika. Familia yenyewe ni pana: ina spishi zaidi ya 300, nyingi zikiwa za rangi ya udongo au majani makavu. Makala haya yanawaita ndege-tanuri kwa kufuata njia iliyopitiwa na lugha nyingine. Njia hiyo, hata hivyo, ina mitego yake, na mitego hiyo inamhusu mwanafunzi wa lugha sawa na inavyomhusu mtaalamu wa ndege.

Jina la kisayansi limetokana na neno la Kilatini furnus, yaani tanuri. Wasemao Kihispania nao humwita ndege maarufu zaidi wa familia hii hornero, kutokana na horno, neno lenye maana iyo hiyo. Hornero haoki chochote. Tanuri limo katika umbo la kiota chake tu: kuba la udongo uliochanganywa na nyasi na samadi, likakaushwa na jua hadi likawa gumu kama tofali. Ndege mwenye uzito wa gramu 50 hivi hujenga nyumba inayoweza kufikia kilo 4, juu ya tawi, kigingi cha ua au nguzo ya umeme. Ndani ya mlango mna ukuta uliopinda, unaokitenga chumba cha mayai na ukumbi mdogo wa kuingilia, hivyo kwamba mkono wa mwizi hauwezi kwenda moja kwa moja. Dume na jike hujenga pamoja na huimba kwa kupokezana. Kwa kawaida msimu ukifuata hujenga kiota kingine, na lile tanuri kuukuu huwa makao ya ndege wa jamii nyingine.

Nchini Argentina, hornero alichaguliwa kuwa ndege wa taifa mwaka wa 1928, baada ya gazeti la La Razón kuwauliza watoto wa shule wamtakaye. Nchini Brazil, wasemao Kireno humwita joão-de-barro, yaani Yohana wa udongo. Hapa jina limeacha umbo la nyumba likashika mikono ya fundi. Ipo pia simulizi mashuhuri ya Kibrazili isemayo kwamba dume akigundua kuwa mkewe si mwaminifu, huuziba mlango kwa udongo na kumzika hai humo humo. Msomaji wa fasihi simulizi hatachelewa kutambua kwamba kisa hicho kinawahusu waume wa kibinadamu zaidi ya ndege, hasa ikikumbukwa kuwa jike ni mjenzi wa nyumba hiyo kama alivyo dume.

Mfano unaofaa zaidi kuhusu utoaji wa majina ni ule wa casarita. Mwaka wa 1833 Charles Darwin alikuwa Bahía Blanca, Argentina, na akasikia wenyeji wakimwita ndege mmoja mdogo kwa jina hilo, maana yake mjenzi mdogo wa nyumba, kwa kumfananisha na hornero. Ndege huyo hajengi. Huchimba shimo refu ardhini na kutagia mwishoni mwake. Darwin aliuona mfanano huo kuwa wa kweli, ingawa kiota chenyewe ni tofauti kabisa. Alipolala, ukuta wa udongo wa kiambaza ulikuwa umetobolewa matundu mengi. Mwenyeji wake alinung'unika sana juu ya casarita, naye Darwin akaeleza kwamba ndege huyo hutoboa humo akidhani amepata ukingo wa ardhi, kisha hutokea upande wa pili. Ajabu yake, ndege hao walikuwa wakiruka juu ya ukuta huo kila mara bila kutambua wembamba wake. Leo sayansi inawaweka casarita na hornero katika familia moja. Wenyeji walikosea kazi ya ndege lakini wakapatia ukoo wake.

Kinyume chake kiliwapata ndege wapandao mashina ya miti. Hawa hukwea shina wima wakijiegemeza kwenye mkia wenye manyoya magumu kama miiba. Mkenya akiwaona atawaita vigogota bila kusita, naye atakuwa amekosea: hawatoboi mti, bali huchokora wadudu katika magamba na nyufa, na mkia mgumu ni kifaa ambacho kila upande ulijipatia kivyake. Katika misitu ya Amazon baadhi yao huandamana na misafara ya chungu walio jamaa wa siafu wetu, wakidaka wadudu wanaokimbia. Kwa muda mrefu wanasayansi waliwapa familia yao wenyewe. Uchunguzi wa DNA umeonyesha kwamba casarita na wenzake walijitenga mapema zaidi, na kwamba wakwea mashina wako karibu na hornero kuliko casarita alivyo. Kuwatoa nje ni sawa na kumkana ndugu wa tumbo moja huku binamu akiachwa akae. Kwa hiyo orodha nyingi sasa zimewarudisha nyumbani.

Makosa ya jina huweza kuwa na gharama. Katika jimbo la Alagoas, kaskazini mashariki mwa Brazil, msitu mwingi ulifyekwa kupisha miwa na malisho. Katika mabaki yake, huko Murici, aliishi ndege aliyepewa jina la Philydor novaesi mwaka wa 1983. Vielelezo vyake vilihifadhiwa katika jumba la makumbusho. Baadaye ilidaiwa kwamba baadhi ya vielelezo hivyo havikuwa vyake. Ndege wawili walikuwa wamejificha chini ya jina moja kwa kufanana, na sauti ndiyo iliyotia shaka. Wa pili alitangazwa mwaka wa 2014 kwa jina Cichlocolaptes mazarbarnetti, ingawa wapo wataalamu wasioridhika kuwa ni spishi tofauti. Alikuwa ameonekana mara ya mwisho mwaka wa 2007. Yule wa kwanza hajaonekana tangu 2011. Mnamo 2018 uchunguzi wa BirdLife International uliwahesabu wote wawili miongoni mwa ndege waliotoweka, mmoja akiwa na jina la miaka 35, mwenzake la miaka minne.