Mfupa unapoliwa kando ya jino la skrubu

Mwezi uliopita mama mmoja, mkulima wa kahawa hapa Mukurweini, aliingia chumbani mwangu akiwa ameshika shavu. "Daktari," akaniuliza, "jino la chuma halina mshipa wa fahamu. Mbona linaniuma?"

Swali zuri. Kilichouma si jino bali ufizi uliolizunguka. Ulikuwa umevimba, na nilipoubonyeza ukatoa usaha. Mimi si daktari wa meno, kwa hivyo nilimtuma kwa mwenzangu mjini Nyeri. Picha ya eksirei ilionyesha mfupa wa taya umeliwa kando ya skrubu, kama udongo unavyoliwa na maji ya mvua kwenye mguu wa nguzo.

Jino la namna hii lina sehemu tatu: skrubu ya titaniamu iliyozikwa ndani ya mfupa, kipande cha kati kinachopenya ufizi, na jino lenyewe linaloonekana. Profesa Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi ndiye aliyegundua, katika miaka ya 1950, kwamba mfupa hushikamana na titaniamu. Mgonjwa wake wa kwanza aliwekewa skrubu hizo mwaka wa 1965.

Wengi huilaumu skrubu. Lakini mara nyingi tatizo huanzia pale inapokutana na kipande cha kati. Hata vikibana vipi, hubaki upenyo mwembamba mno usioonekana kwa macho. Bakteria hujificha humo, na vipande vikicheza kidogo unapotafuna, uchafu husukumwa nje. Mwili hupambana nao, na mfupa wa jirani ndio unaoumia. Kwa miaka mingi madaktari walihesabu kuwa kawaida mfupa kupungua milimita 1 hadi 1.5 mwaka wa kwanza, kisha usizidi milimita 0.2 kila mwaka.

Nafuu ilipatikana kwa bahati. Mwaka wa 1991 skrubu nene zilitolewa kabla ya vipande vya kati vya unene huo, basi madaktari wakatumia vyembamba walivyokuwa navyo. Picha za baadaye zilionyesha mfupa umepungua kidogo kuliko ilivyozoeleka, kwani upenyo ulikuwa umesogea ndani, mbali na mfupa. Leo skrubu nyingi huundwa hivyo kwa makusudi.

Hiyo si ruhusa ya kuchanganya vipande ovyo. Kipande cha mama huyu kilikuwa kimelegea, na kliniki moja ikamwekea cha kiwanda kingine ambacho hakikukaa sawasawa. Juu ya hayo, saruji ya kugandishia jino ilibaki chini ya ufizi, ikawa maskani ya bakteria. Kisukari chake nacho kilikuwa juu, jambo ambalo lilinihusu mimi.

Ukiwekewa jino kama hili, omba kadi yenye jina la kiwanda na vipimo vya kila kipande, na uihifadhi pamoja na kitambulisho. Ufizi ukivuja damu, usingoje uume. Na sigara, mzee, hapana.

Mama hakuwa na kadi. Mwenzangu ilimbidi alinganishe eksirei na picha za skrubu za viwanda mbalimbali kabla ya kuagiza kipande kinachofaa. Skrubu ingali imara, na baada ya miezi mitatu atapigwa picha nyingine.