Shamba la Nani? Safari ya Siku Moja Kisiwani Pemba

Wasomaji wetu wengi wamefundisha mfano wa shamba la mizabibu, wala hawakuona shida yo yote katika maneno "mwenye shamba". Nasi tulikuwa hivyo hivyo, hata siku ile tulipotoka Chake Chake kwenda Wete kwa njia ya zamani, mwendo wa kadiri ya kilomita 30. Siku hiyo tulijifunza ya kuwa neno hilo lina mambo mengi ndani yake, na asiyeyajua aweza kumhukumu jirani yake bure.

Njia hiyo haina tambarare ndefu: hupanda kilima, ikashuka bondeni, ikapanda tena. Waarabu wa kale walikiita kisiwa hiki Kisiwa cha Kijani, nao hawakukosea. Vilimani twaona mikarafuu, minazi, miembe, migomba na mihogo. Mabondeni, penye maji, ni mpunga. Mkarafuu si mti wa asili ya hapa. Kwao ni visiwa vya Maluku, nao uliletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Mwezi wa Aprili 1872 dhoruba kali iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika. Na tangu hapo karafuu nyingi za visiwa hivi hutoka Pemba.

Tulipita wakati wa mavuno. Karafuu huchumwa zingali matumba, rangi yake ya kijani inapoanza kugeuka nyekundu. Zikichanua, thamani yake imepungua. Mchumaji hulipwa kwa pishi. Jioni watu wa nyumbani, wakubwa kwa wadogo, huketi kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo yake. Kisha huanikwa juani siku kadha wa kadha hata zikawa kahawia iliyokoza. Makonyo nayo hayatupwi, kwa kuwa hutolewa mafuta kwa mvuke.

Mwenye sikio la lugha hupata faida njia nzima. Mahali vitabu vyetu vinapoandika "mti", kwa wazee wa mashambani tulisikia "nti". Tena angalia jinsi maneno yanavyofuata kazi ya mkulima. Kilicho bondeni ni mpunga. Kikiisha kutwangwa ni mchele. Kikipikwa ni wali. Punje zilizovunjika ni chenga, na zilizobaki na maganda ni chuya. Nazi nayo huanza kuwa kidaka, ikawa kitale, kisha dafu, kisha koroma, ndipo ikawa nazi. Na ikikauka ni mbata. Mwalimu asemaye "nazi" kwa yote hayo ataeleweka, lakini watoto watacheka.

Karibu na adhuhuri tulipumzika kando ya bonde moja, tukaamkiana na mzee mwenye kulilima. Pembezoni mwa bonde palikuwa na minazi mitatu. Mara akaja kijana, asiseme neno ila salamu, akapanda mnazi na kuanza kuangua. Mmoja wetu akanong'ona, "Huyu aiba mbele ya macho ya mwenyewe!" Mzee hakushughulika. Tukamwuliza, "Mzee, shamba hili la nani?" Akatutazama kidogo, akajibu, "Mwauliza ardhi, wanangu, au mwauliza miti?"

Ndipo akatueleza. Bonde alilima yeye, kama alivyolima baba yake. Lakini minazi ile ilipandwa na babu wa kijana kwa ruhusa ya wazee wa wakati ule, na aliyepanda mti ndiye mwenye mti. Kijana alikuwa akichukua urithi wake. Tuliona haya, maana lile neno la wizi tulikwisha kulitamka, ingawa kwa sauti ndogo.

Basi desturi ni hii: mti na ardhi ni mali mbili. Mti waweza kurithiwa, kuuzwa au kuwekwa rehani, na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Kwa sababu hiyo mtu aazimaye mahali pa kulima huruhusiwa kupanda mihogo au viazi, mazao ya muda. Bali kupanda mnazi au mkarafuu ni jambo jingine, kwa kuwa mti ukaao miaka mingi huweka haki ya mpandaji mahali hapo. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ardhi ilifanywa mali ya serikali, na wakulima wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Hata hivyo mazungumzo ya miti hayakukoma.

Twawakumbusha wenzetu jambo hili kwa sababu mwalimu na kasisi huitwa mara nyingi kupatanisha watu. Ndugu wawili wakija kugombania "shamba", usikimbilie amri ya kutoiba. Uliza kwanza: nani alima hapa, nani alipanda, na kwa ruhusa ya nani? Huenda wote wawili wasema kweli, mmoja juu ya udongo, na mwenziwe juu ya mti.

Tulifika Wete jua likichwa. Kando ya njia majamvi ya karafuu yalikuwa yakikunjwa kwa hofu ya umande, na harufu yake ilitufuata hata mlangoni.