Sarafu za uani Gihosha: ujue udongo kabla ya kuchimba

Mtu akichimba shimo la choo au msingi wa ukuta uani kwake Gihosha, mjini Bujumbura, akaibuka na sarafu nyeusi yenye tundu katikati, majirani humuuliza bei. Mimi hutaka kujua kwanza ilikuwa kina gani, na udongo ulioifunika ulitoka wapi. Majibu hayo mawili mara nyingi yana thamani kuliko sarafu yenyewe, na mwenye mashine ya kutafutia metali anaweza kuyapoteza kwa dakika chache.

Tuanze na hilo tundu. Sarafu za namna hiyo zilizopita mikononi mwa watu wa Bujumbura, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, ni hasa za tawala mbili. Wajerumani waliweka kituo cha kijeshi hapo mwaka 1897, na kuanzia 1904 serikali yao ya Afrika Mashariki iliigawa rupia moja katika heller 100. Heller 10, ya mchanganyiko wa shaba na nikeli, ina taji juu ya tundu na maandishi ya Kijerumani ya jina la koloni. Juni 1916 majeshi ya Wabelgiji yakauteka mji, zikafuata senti za Kongo ya Kibelgiji, ambazo nyota yake imelizunguka tundu. Taji au nyota: hapo tayari umejua utawala. Rupia ya fedha haina tundu. Ina sura ya Kaiser Wilhelm II aliyevaa kofia yenye tai, na uzito wake ni gramu 11.66. Miaka ya 1950 zilikuja faranga nyepesi za alumini zenye mchikichi na jina la Ruanda-Urundi, kisha mwaka 1960 faranga moja ya shaba ya njano yenye simba, iliyotumika Rwanda na Burundi kwa pamoja.

Mashine inazipataje? Koili yake hutoa usumaku unaobadilika maelfu ya mara kwa sekunde. Usumaku huo ukikuta metali huamsha ndani yake mkondo mdogo wa umeme, na mkondo huo nao hurudisha usumaku wake kwenye koili, ukiwa umechelewa kidogo. Kwa kupima kuchelewa huko, mashine hukisia kilichomo ardhini. Fedha na shaba nyekundu hutoa mlio wa juu, msumari mlio mzito, na alumini na nikeli huangukia katikati. Sarafu iliyozama zaidi ya sentimita 20 hivi mara nyingi haitasikika.

Tabu iko hapo katikati. Faranga ya alumini ya mwaka 1957 hulia karibu sawa na kipande cha sufuria au karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Mtu anayezima milio hiyo ili taka zisimsumbue amezizima pia heller zenye tundu. Vizibo vya chupa za bia ya Primus ni vya chuma, lakini kwa wembamba na uduara wake huidanganya mashine ikavitangaza kuwa kitu cha maana. Udongo mwekundu wa vilima vya Gihosha nao umejaa kutu ya chuma ya asili, kwa hiyo kabla ya kuanza sharti mashine izoeshwe ardhi yenyewe: koili iinuliwe na kushushwa mahali pasipo na metali mpaka kelele zitulie.

Lakini mashine bora kuliko zote haiwezi kukuambia kama ardhi unayoikanyaga imehamishwa. Gihosha ni mtaa wa miteremko. Fundi anayetafuta uwanja bapa hukata udongo upande wa juu na kuumwaga upande wa chini. Palipokatwa, tabaka lililokaliwa na watu wa zamani limekwisha ondoka. Palipojazwa, mambo yamepinduka: cha juzi kiko chini, cha enzi za Wajerumani kinaweza kuwa kiganja kimoja tu chini ya majani. Ongeza malori ya kifusi, na mvua zinazokula kingo za mto Ntahangwa. Kabla ya kuwasha mashine, mwombe mzee aliyeuona uwanja ule kabla ya nyumba akuonyeshe mlima ulipoishia.

Uzito wa kujua kitu kililala wapi na pamoja na nini ulionekana Pemba. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, wanaakiolojia walipata zaidi ya sarafu 2,000 ndogo za fedha zenye majina ya watawala wa pwani, zisizo na mwaka hata mmoja. Pamoja nazo zilikuwapo dinari chache za dhahabu zilizoandikwa tarehe, na kwa hizo ikajulikana kuwa fedha zile ni za karne ya 11. Mchimbaji mwenye haraka angeuza dhahabu kwa sonara, na zile nyingine zingebaki bubu.

Burundi ina sababu nyingine ya kwenda polepole. Ganda la risasi ni la shaba ya njano, na katika vipokea sauti hulia kama sarafu. Katika mji uliopitia vita vilivyoanza 1993, mlio mzuri unaweza kuwa risasi, na mlio mzito unaweza kuwa guruneti. Ukikutana na chochote cha namna hiyo, acha kuchimba, usikiguse, waondoe watoto, waite polisi. Ukikutana na mfupa, simama kabisa. Mapema mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilitangaza kufukua mabaki ya watu zaidi ya 6,000 mkoani Karuzi, na nguo, miwani na rozari zilisaidia kuwatambua baadhi yao. Rozari ina metali. Mashine itaililia, na ukiichomoa peke yake umemnyima mtu jina lake na familia yake jibu.

Pasipo na dalili hizo, kata udongo kwa duara nadhifu, pima kina kabla ya kuinua sarafu, piga picha ikiwa bado imelala, kisha urudishe udongo na majani. Usiisugue kwa mchanga, ndimu wala majivu. Rangi ya kijani juu ya shaba mara nyingi ndiyo ngozi inayoilinda. Mkubaliane na mwenye uwanja mapema, kwa maandishi, nani atabaki na nini. Na kwa kuwa Burundi ina sheria ya mwaka 1983 inayolinda urithi wa utamaduni wa taifa, vitu vya kale vikitoka vingi mahali pamoja, funika shimo na uwaarifu wahusika wa utamaduni kabla ya kumwonyesha mnunuzi yeyote.